ASKARI NA WAPAGAZI WA KYELA WALIOKUFA UGENINI

Mtu akifa nyumbani kwake katika nchi ya Kyela, kila mmoja ajua yampasayo. Jamaa huitwa, wanawake hulia, wanaume huchimba kaburi karibu na nyumba, na ng'ombe huchinjwa kwa kadiri ya mali ya marehemu. Desturi ya zamani ya Wanyakyusa ilikuwa pia kwamba wanaume wacheze ngoma ya mikuki matangani. Na chifu alipozikwa, mahali pake paliachwa kuwa msitu, wala hapana mtu aliyethubutu kukata mti wake. Hivyo mjukuu aliweza kuonyeshwa mahali na kuambiwa jina la aliyelala pale.

Lakini wako watu wengi wa nchi hii waliokufa bila ya kupata hayo. Walitoka nyumbani wakiwa vijana, wakaenda vitani, wasirudi. Katika habari hii twataka kueleza mambo manne: jinsi watu hao walivyoishi katika vita viwili vikuu, jinsi walivyokufa, na jinsi habari zao zilivyofika au zisivyofika kwa jamaa zao, na kwa nini majina ya baadhi yao yameandikwa juu ya mawe, na majina ya wengine hayakuandikwa popote. Mwisho tutasema neno juu ya kazi iliyobaki, maana ipo kazi, na muda wake si mrefu.

VITA VYAFIKA KATIKA ZIWA

Vita vya kwanza vilianza Ulaya mwishoni mwa mwezi wa Julai 1914. Watu wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hawakukawia kuviona. Kyela wakati ule ilikuwa chini ya Wadachi, yaani Wajerumani, ambao boma lao lilikuwa Tukuyu, nao wakapaita Neu-Langenburg. Kombania yao ya 5 ilikaa Masoko. Ng'ambo ya mto Songwe ilikuwa nchi ya Nyasaland, chini ya Waingereza, na boma lao la karibu lilikuwa Karonga.

Yafaa tukumbuke kwamba mto Songwe ulikuwa mpaka wa wafalme wa Ulaya, wala haukuwa mpaka wa watu. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule hufahamiana kwa lugha, hufanana kwa desturi, na wameoana tangu zamani. Vita vilipoanza, ndugu na shemeji walijikuta wamewekwa pande mbili, bila ya kuwa na ugomvi wowote kati yao.

Tarehe 13 Agosti 1914, merikebu ya Waingereza iitwayo Guendolen ilifika Liuli, katika pwani ya mashariki ya ziwa, mahali ambapo Wadachi walipaita Sphinxhaven. Pale ilikuwako merikebu ya Wadachi iitwayo Hermann von Wissmann, imepandishwa pwani kwa kutengenezwa. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Guendolen ikaipiga kwa mzinga, ikaharibika isiweze kusafiri, na tangu siku ile njia ya ziwa ikawa mikononi mwa Waingereza.

Mwezi uliofuata Wadachi walivuka Songwe wakaenda kuishambulia Karonga. Tarehe 9 Septemba 1914 walipigana pale. Walinzi wachache waliobaki bomani waliwazuia mpaka kikosi kikubwa cha Waingereza, kilichokuwa kimetoka kwenda kuwatafuta, kiliporudi na kuwashambulia. Wadachi wakapata hasara kubwa, wakarudi ng'ambo ya Songwe. Baada ya hapo pande mbili zilikaa zikilindana mpakani, mpaka mwisho wa mwezi wa Mei 1916, hapo Jemadari Northey alipovuka na majeshi yake kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wadachi waliiacha Tukuyu wakarudi nyuma, na Waingereza wakaingia tarehe 29 Mei. Toka hapo vita viliondoka kuelekea Malangali, Iringa, Lupembe na Songea. Bali haja ya watu wa kubeba mizigo haikuondoka.

ASKARI NA MPAGAZI

Katika vita vile palikuwa na watu wa namna mbili, na tofauti yao ndiyo chanzo cha mambo yote tutakayoeleza.

Wa kwanza alikuwa askari. Yeye aliandikwa jina lake, akapewa namba, bunduki, nguo na mshahara. Mwenye kombania alimjua, maana kila asubuhi askari waliitwa majina. Akifa, palikuwa na kitabu ambacho jina lake lilifutwa, na sababu yake ikaandikwa.

Wa pili alikuwa mpagazi, ambaye ng'ambo ya Songwe aliitwa tengatenga. Huyu mara nyingi alitolewa kijijini kwa amri. Boma lilimwambia chifu alete watu kadhaa, naye chifu akawatoa. Wengine waliandikwa majina yao. Wengine walihesabiwa tu, kama mizigo waliyoibeba. Pande zote mbili zilifanya hivyo, Wadachi na Waingereza, wala hapana jeshi lililoweza kwenda hatua moja bila ya wapagazi, kwa sababu katika nchi zile hapakuwa na reli, magari yalikuwa machache, na farasi na punda walikufa kwa ndorobo.

Ili msomaji afahamu shida yao, tufanye hesabu. Tuseme mpagazi amebeba ratli 50 za unga, na chakula chake kwa siku ni ratli 2. Akienda mwendo wa siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amekula ratli 48. Basi katika mzigo wake wote zimebaki ratli 2 tu za kumpa askari aliye mbele. Hii ndiyo sababu jeshi dogo lilihitaji wapagazi maelfu kwa maelfu, waliopangwa kwa vituo, kila mmoja akipokea mzigo wa mwenziwe. Na hii ndiyo sababu chakula chao kilipunguzwa kila mara, maana kila kibaba alichokula mpagazi kilikuwa kimepungua kwa askari.

Zaidi ya hayo, mtu wa Kyela amezoea ndizi, mchele, maharagwe, samaki na maziwa. Alipopelekwa katika milima ya baridi ya Ubena, akapewa unga usiosagwa vizuri na usiopikwa ukaiva, tumbo lake halikuuweza. Akashikwa na kuhara damu. Wengine walikufa kwa homa ya malaria, wengine kwa kichomi, maana walilala nje katika mvua na blanketi moja, au bila blanketi. Risasi ziliua wapagazi wachache kuliko maradhi.

Hesabu ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki inayotajwa mara nyingi ni watu 95,000 hivi. Na wale waliokufa upande wa Wadachi hawakuhesabiwa kwa uangalifu hata kidogo. Mtu aliyeanguka njiani alizikwa pembeni ya njia na wenzake, kama walikuwa na nafasi, kisha mzigo wake ukagawanywa, na safari ikaendelea.

Mwezi wa Oktoba 1918 jeshi la Wadachi lilitoka upande wa Songea, likapita Ubena na nchi za kaskazini ya ziwa, likaingia Rhodesia ya Kaskazini. Huko likaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wakati uo huo homa kuu ya mafua ilikuwa imeenea duniani, ikawapata wengi waliokuwa wamekwisha choka kwa njaa na kazi. Wako waliookoka vita vyote wakafa njiani wakirudi kwao.

VITA VYA PILI

Vita vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945, havikufika katika pwani ya Ziwa Nyasa. Safari hii vijana walikwenda kuvifuata mbali. Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika majeshi. Kyela ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe, kwa hiyo kijana wa pwani ya ziwa alipanda mpaka Tukuyu. Pale daktari alimpima, karani akaandika jina lake, jina la baba yake, kabila lake na chifu wake, naye akapewa namba. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wakitaka mshahara au kuona dunia. Wengine hawakuulizwa sana.

Maisha yake mapya yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Alivaa viatu. Alijifunza Kiswahili cha jeshi, maana katika kikosi cha Keya mtu wa Kyela alilala karibu na mtu wa Kondoa na mtu wa Lindi, wala hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Wengi walijifunza kusoma na kuandika kambini, na kulikuwa na gazeti la askari kwa Kiswahili lililoitwa Heshima. Sehemu ya mshahara iliweza kupelekwa nyumbani kwa njia ya boma, ili mke au wazazi wapate kulipa kodi na kununua nguo. Kwa fedha ile jamaa walijua kwamba mtu wao yu hai. Ilipofika, hata kama hapana barua, mama alisema, Leo mwanangu amenisalimu.

Vikosi vya Keya vya Tanganyika vilikwenda mbali. Katika mwaka 1941 kikosi cha 6 kilipigana na Waitalia katika nchi ya Uhabeshi. Mwezi wa Septemba 1942 askari wa kikosi hicho, pamoja na wenzao wa Nyasaland na Kenya, walishuka katika kisiwa cha Madagascar, na vita vya huko vikaisha mwanzo wa Novemba. Kisha ikaja kazi kubwa kuliko zote, ya kupigana na Wajapani katika nchi ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar.

Kazi hiyo iliua watu kabla hawajaona adui. Tarehe 12 Februari 1944 merikebu iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Katika watu 1,511 waliokuwamo, walikufa 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hao hawana kaburi, ila bahari.

Waliofika Burma waliwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, na humo vilikuwamo vikosi vya Tanganyika vya 26 na 36. Tangu Agosti 1944 walishuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa. Bonde lile lilisifika kwa malaria. Matope yalifika magotini, magari yalizama, na mara nyingine chakula kiliangushwa kwa ndege. Walisonga mbele hivyo mpaka tarehe 2 Desemba 1944, walipouingia mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Hapo mafundi wa jeshi walijenga daraja lenye urefu wa futi 1,154, ambalo majeshi makubwa yalilivuka kwenda kuikomboa Burma. Njia iliyofika kwenye daraja lile ilikuwa imefunguliwa na Waafrika, na pande zake mbili yalibaki makaburi yao.

JINSI HABARI ILIVYOFIKA

Askari alipokufa, jina lake lilipelekwa kwa wakuu wa jeshi, na kutoka huko kwa Bwana Shauri wa wilaya. Bwana Shauri alimwarifu chifu, na chifu akatuma mtu nyumbani. Habari hiyo ilipita mikono mingi, na katika kila mkono jina liliweza kupotoka.

Ilipofika, jamaa walikuwa katika mashaka. Walilia, lakini hapakuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuchimba. Je, matanga yawekwe? Je, mke aondolewe ujane? Na kama habari ni ya mtu mwingine mwenye jina lile lile, na mwenyewe akarudi kesho? Na lile neno la kwamba askari amepotea lilikuwa zito kuliko la kifo, kwa maana halikumruhusu mtu kulia, wala halikumruhusu kunyamaza.

Tena palikuwa na shauri la mali. Karatasi ya jeshi ilitaka kujua mrithi wake ni nani. Lakini kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, ndugu wa marehemu wa tumbo moja ndiye aliyeshika nyumba yake na kuwatunza watoto wake. Ikiwa karatasi yamtaja mke au baba, na desturi yamtaja ndugu, ilikuwa kazi ya chifu na wazee kuwapatanisha watu waliokuwa bado katika msiba.

Katika vita vya kwanza jamaa wengi wa wapagazi hawakupata hata hayo. Waliona wengine wakirudi. Waliwauliza, wakaambiwa, Alikuwa mgonjwa tulipomwacha. Basi, ndiyo habari yote.

KWA NINI MAJINA HAYAKO

Mwaka 1917 Waingereza waliweka Tume ya kutunza makaburi ya vita. Kanuni yake ilikuwa njema: kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya kaburi au juu ya jiwe la ukumbusho, pasipo kutofautisha mkubwa na mdogo, wala kabila na kabila. Lakini katika Afrika kanuni hiyo haikufuatwa. Wakubwa wa serikali na wa Tume walikubaliana kwamba askari weusi na wapagazi wakumbukwe wote kwa jumla, kwa sanamu moja katika mji mkubwa. Ndiyo asili ya sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927. Sanamu hiyo ni nzuri, lakini haina jina hata moja. Na jina la Kariakoo, ambalo kila mtu hulitaja aendapo sokoni, latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Hilo nalo ni kumbukumbu, ingawa wengi hawajui.

Sababu iliyotolewa na baadhi ya wakubwa wale ni kwamba watu wa Afrika hawafahamu maana ya jiwe lenye jina juu ya kaburi. Msomaji wa Kyela na apime mwenyewe neno hilo. Watu wanaomzika baba yao karibu na mlango, na kuuacha msitu mzima kwa heshima ya kaburi la chifu, hawakuhitaji kufundishwa maana ya kaburi.

Baada ya vita vya pili mambo yalikwenda vizuri zaidi. Huko Taukkyan, karibu na mji wa Yangon uliokuwa ukiitwa Rangoon, yapo makaburi ya vita, na katikati yake liko jengo la ukumbusho lenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi lijulikanalo. Majina ya askari wa Afrika ya Mashariki yamo. Nairobi pia lipo jiwe la ukumbusho wa askari wa vita hivyo. Kwa hiyo mtu wa Kyela ambaye babu yake alikufa Burma aweza kulitafuta jina, na pengine akalipata.

Mwaka 1921 wala 1951 jambo la wapagazi halikutengenezwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe, iitwayo sasa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ikakiri kosa hilo mbele ya watu. Ilisema kwamba katika vita vya kwanza watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; na wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tangu hapo inatafuta majina katika vitabu vya zamani ili iyaongeze.

YATUPASAYO

Vitabu peke yake havitatosha, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wapagazi wengi hawakuandikwa tangu mwanzo. Ya pili ni kwamba walioandikwa, waliandikwa na makarani wageni. Karani aliyesikia jina la Kinyakyusa aliliandika kama alivyoweza, akachanganya L na R, akaacha herufi, au akaandika jina la ukoo mahali pa jina la mtu. Hata mjukuu akilisoma leo, huenda asitambue kwamba ndilo la babu yake.

Kwa hiyo kumbukumbu ya nyumbani ni ya lazima. Wote waliokwenda katika vita vya kwanza wamekwisha kufa, na watoto wao wengi pia. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee. Twawaomba machifu na wazee wawaruhusu vijana waulize, na waalimu wawape wanafunzi daftari kwa kazi hii. Maswali yenyewe si mengi: Jina lake hasa ni lipi, na baba yake aliitwaje? Alitoka kijiji gani, na chifu wake wakati ule alikuwa nani? Alikwenda akiwa askari au mpagazi, na upande gani? Alikwenda na nani, na nani alirudi? Habari ya kufa kwake ililetwa na nani? Ikiwa ipo karatasi, nishani au namba, na iandikwe kama ilivyo, wala isisahihishwe.

Jina la chifu lafaa sana kuliko watu wadhanivyo, kwani jeshi liliandika watu kwa wilaya, kabila na chifu. Watu wawili wenye jina moja hutambulikana kwa jina la chifu wao.

Wala asiachwe aliyekuwa upande wa Wadachi kwa kudhani kwamba upande wake ulishindwa. Hakuchagua upande, mto ulimchagulia. Wala asiachwe mpagazi kwa kudhani kwamba hakupigana. Hapana bunduki iliyofika Lupembe au Songea ila kwa chakula kilichobebwa kichwani na mtu wa nchi hii.

Hatuwezi kumrudisha aliyezikwa kando ya njia ya Ubena, wala kumtoa baharini aliyezama. Lakini kuliandika jina lake sawasawa, kama mama yake alivyolitamka, hilo twaweza, na afadhali lifanyike mwaka huu kuliko mwaka ujao.